Nimeacha nazi, nimeacha mafuta, mbona kipimo kinazidi kupanda?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 43 na watoto watatu. Kwetu ni Singida, ila nimeolewa huku, mwaka wa 17 sasa. Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam na huja nyumbani mara moja au mbili kwa mwezi. Baba mkwe alifariki kwa kiharusi miaka minne iliyopita, ndipo tukahamia kwa mama mkwe ili asibaki peke yake kwenye nyumba kubwa.

Nataka ujue kwanza kwamba huyu mama ni mama yangu. Nilipoletwa hapa sikujua hata kukalia mbuzi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukuna nazi bila kujikata vidole, kuichuja kwa kifumbu, kutenga kasimile na tui la pili, na kujua kwa harufu tu kwamba wali umekausha tui na sasa upaliwe makaa. Kwetu tulikula ugali na mlenda. Nilikuja mgeni, na jiko lake ndilo lililonifanya mwenyeji.

Muhula uliopita walikuja wahudumu wa afya shuleni kutupima walimu presha, sukari, uzito na mafuta kwenye damu. Ilikuwa baada ya chai ya saa nne, na nilikuwa nimeshakula maandazi mawili. Presha nzuri. Sukari nikaambiwa "iko juu kidogo, lakini umekula". Traigliseridi, yaani aina ya mafuta ya kwenye damu, 4.1. Nesi akasema, "Punguza mafuta, mwalimu," akamwita mwingine.

Nikayachukua maneno yale kama yalivyo. Siku hiyohiyo niliacha nazi, vitu vya kukaanga, nyama na hata mayai. Nikawa nakula ugali wa sembe na mchicha wa kuchemsha, au wali mweupe wa maji na chumvi, sahani ya kushiba maana mboga haikuwa na kitu. Asubuhi uji wa lishe na boflo kavu. Sukari nikaiondoa kwenye chai nikaweka asali, vijiko vitatu kila kikombe, vikombe vitatu kwa siku. Mchana juisi ya embe au ya miwa badala ya soda. Jioni tende. Nilijiona mtu wa afya kuliko walimu wote.

Baada ya wiki 10 nilienda kupima hospitali, safari hii sikuwa nimekula kitu kwa saa 12. Jibu: 5.8. Fundi wa maabara aliniinulia kichupa nione. Juu ya damu pametuama maji yenye ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Nililia palepale. Daktari alikuwa na foleni ndefu, akaniandikia vidonge na kusema nirudi baada ya wiki sita. Vidonge ninavyo kabatini, sijavianza. Naogopa kwamba nikianza sitaacha maisha yangu yote.

Kuna mwalimu mwenzangu anauza unga wa kuyeyusha mafuta, kopo moja shilingi 75,000. Nimeutumia wiki mbili. Kabla ya hapo nilikuwa napata choo kigumu, siku tatu hata nne sijaenda, na tumbo limejaa gesi. Sasa naharisha karibu kila siku, na kuna mafuta yanaelea. Anasema hayo ndiyo mafuta ya kwenye damu yanatoka. Ajabu ni kwamba jirani yetu naye alipimwa traigliseridi akaambiwa 190, na hana wasiwasi wowote, wakati mimi nina 5.8 tu na nimeandikiwa dawa.

Kwa ufupi, mwili wangu hivi sasa: nachoka sana, nimeongezeka kilo 6 kwa mwaka, nasikia baridi hata kwenye joto hili la Tanga, nywele zinakatika. Nikila biriani harusini hupata maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hukaa saa moja au mbili, yakapita. Pombe situmii. Dawa situmii, ukiacha vidonge vya majira vya kupanga uzazi ambavyo nimevitumia tangu mtoto wa mwisho. Kaka yangu ana kisukari.

Sasa nakuja kwenye linaloninyima usingizi. Jioni ya siku ile ya kwanza, mama alinipakulia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikausogeza sinia nikamwambia mbele ya watoto, "Mama, mimi haya sili tena, nazi inaziba mishipa." Hakujibu. Tangu hapo ananipikia sufuria yangu ndogo ya wali mweupe, anaiweka mezani, anaondoka. Zamani tulikula sinia moja. Sasa anakula mwisho, jikoni, peke yake. Mume wangu ananiambia, "Kula kidogokidogo, usimvunje mama moyo. Mimi nakula hayohayo tangu nizaliwe na nipo." Ramadhani imebaki mwezi na siku kidogo, na futari ya mama ni ya mtaa mzima.

Nianze vidonge, niendelee na unga, au nijipikie mwenyewe? Na mama nimwambie nini, wakati sasa hata mimi siamini kwamba nazi ndiyo iliyonifikisha hapa?

Wako, Mwalimu, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kulia peke yako maabara. Kile kichupa kingemtisha mtu yeyote, na wewe ulikuwa umejinyima wiki 10 ukitegemea habari njema.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ndani yake naona mambo mawili yaliyowekwa kwenye chungu kimoja, kipimo chako na ukimya wa mama. Yamechanganyika kwa sababu ya neno moja, "mafuta", kwa hiyo niruhusu nianze na neno hilo.

Kwanza jirani. Maabara zetu hazitumii kipimo kimoja. Wengine huandika milimoli kwa lita, wengine miligramu kwa desilita. Ili 5.8 yako iwe sawa na ya jirani unaizidisha kwa takriban 89, inakuwa zaidi ya 510. Yake ya 190 kwa kipimo chako ni kama 2.1. Cha kawaida ukiwa hujala ni chini ya 1.7, yaani 150. Kwa hiyo jirani amevuka mstari kidogo, na wewe uko mbali zaidi yake. Daktari hakukuonea. Kuanzia 5.6 huhesabiwa kuwa juu sana, na sababu yake nitaifikia.

Sasa lile neno. Uliambiwa "punguza mafuta" ukaelewa mafuta ya kwenye sufuria, na nani asingeelewa hivyo? Lakini traigliseridi huingia kwenye damu kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni utumbo. Ukila chakula chenye mafuta, nyongo kutoka kwenye ini inayavunjavunja kama sabuni ivunjavyo mafuta ya sufuria, vimeng'enya vya kongosho vinayasaga, ukuta wa utumbo mwembamba unayanyonya na kuyafunga kwenye vifurushi vidogo vinavyopita kwenye njia ya limfu hadi kwenye damu. Vifurushi hivyo huonekana baada ya kula, na kwa watu wengi huwa vimeshaondoka baada ya saa kadhaa. Maandazi yako mawili yalichangia kidogo kwenye ile 4.1, ila yasingeweza kuibeba yote.

Mlango wa pili ni ini lenyewe. Ini hutengeneza mafuta kutokana na wanga na sukari iliyozidi mahitaji ya mwili, na pombe kwa wanaokunywa. Hapa hakuna tone la mafuta lililopita kinywani. Sukari ya matunda na ya asali hupokelewa kwa wingi na ini, na ini likishashiba huigeuza mafuta na kuyasukuma kwenye damu. Damu iliyochukuliwa baada ya saa 12 bila kula mara nyingi hubeba mafuta ya mlango huu. Wewe ulifunga mlango wa kwanza kwa komeo, ukafungua wa pili bila kujua.

Tazama siku yako tena. Asali vijiko tisa. Glasi ya juisi. Uji, ambao hukusema kama una sukari. Tende. Sembe, boflo na wali mweupe sahani ya kushiba, bila samaki wala maharage ya kupunguza kasi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Na wameandika wazi kwamba asali na juisi ya matunda zimo kwenye hesabu hiyo, hata kama embe ulilikamua mwenyewe. Embe la kutafuna lina nyuzinyuzi zake na hushibisha mapema. Lililokamuliwa hushuka kama maji. Nakuambia haya bila kukulaumu hata kidogo. Mtu aliyejinyima kama wewe anastahili kuelezwa, na kwenye foleni ile hakuna aliyepata nafasi ya kukueleza.

Je, nazi basi haina neno? Hapo naomba tusikimbilie. Ungekuwa na 2.5 ningekuambia sukari na wanga uliokobolewa ndio wa kutazamwa kwanza. Ukiwa na 5.8 uko mahali ambapo milango yote miwili ina hatari, kwa sababu ile mashine inayosafisha mafuta kwenye damu imeanza kulemewa, na vifurushi vinavyotoka utumboni vinapanga foleni. Kinachoogopwa ni kongosho kuvimba ghafla. Hatari hiyo hukua kadiri kipimo kinavyopanda, na hasa kikizidi 11, yaani miligramu 1,000. Bado hujafika huko, na nisingependa ukaribie. Kwa hiyo kasimile na vya kukaanga ni sawa kuvipunguza kwa sasa. Vilevile tui la nazi lina aina ya mafuta yanayopandisha lehemu mbaya (kolesteroli), hilo haliepukiki. Lakini kupunguza si kufukuza, na wewe ulifukuza.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisikubali kwamba ni chakula peke yake. Unachoka, unanenepa, unasikia baridi Tanga, nywele zinakatika, choo kigumu. Dalili hizo zikikaa pamoja kwa mwanamke wa umri wako, mtu hufikiria tezi ya shingoni, ile ya thairoidi, kufanya kazi polepole. Ikizorota hupandisha mafuta kwenye damu na kuupunguzia utumbo kasi, na ikitibiwa mafuta mara nyingi hushuka pamoja nayo. Huenda sivyo ilivyo kwako. Kipimo cha damu kiitwacho TSH kitasema. Kisha kaka ana kisukari, na sukari yako ilikuwa "juu kidogo". Omba kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, maana kisukari kilichojificha ni sababu kubwa ya traigliseridi kupanda. Na figo zipimwe.

Halafu vile vidonge vya majira, ulivyoviandika kama si dawa. Vingi vina homoni ya istrojeni, na istrojeni hulifanya ini litoe traigliseridi zaidi. Wanawake wengi huvitumia bila tatizo lolote, ila aliyefikia 5.8 anapaswa kumwambia daktari. Usiviache leo usiku. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango na kile cheti cha maabara mkononi, uulize kuhusu njia isiyo na istrojeni, kwa mfano kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni kabisa. Nasema usiviache ghafla kwa sababu ujauzito nao hupandisha traigliseridi sana, hasa miezi ya mwisho. Na hapo naunganisha na ule unga. Mtu anayeharisha sana hawezi kuwa na hakika kwamba kidonge alichomeza kimenyonywa.

Kuhusu unga wenyewe, najua mwalimu mwenzako pengine anauamini kwa moyo wake wote. Lakini mafuta ya kwenye damu hayana njia ya kudondokea chooni. Kinachoelea ni mafuta ya chakula ambayo hayakunyonywa. Kuna dawa zinazofanya hivyo makusudi, na kopo lisiloandikwa kilichomo linaweza kuwa na kitu kama hicho, au dawa ya kuharisha tu. Lakini choo cha mafuta huja pia kongosho lisipotoa vimeng'enya vya kutosha, au nyongo isipofika utumboni. Kwa hiyo hiyo si ishara ya kufurahia. Ukiendelea nao, unalipa shilingi 75,000 kupoteza maji na chumvi za mwili, na unamziba daktari macho asijue choo hiki ni cha unga au cha ugonjwa. Ningetamani uusimamishe angalau hadi vipimo vitoke, na kopo uende nalo hospitali.

Tukija kwenye vidonge vya kabatini, unauliza uanze au usianze. Siwezi kukuamulia, kwa sababu hukuandika jina la dawa. Hofu yako ya kutoacha maisha yote naielewa. Wapo wanaovitumia kwa kipindi, chanzo kikapatikana na kutibiwa, vikapunguzwa au kusimamishwa. Wapo ambao ini lao kwa kurithi hutoa mafuta mengi, hao huhitaji muda mrefu. Hujui bado wewe ni yupi, na kukaa navyo kabatini hakutakuonyesha. Ila kuna jambo daktari hakuambiwa, lile la maumivu chini ya mbavu za kulia. Maumivu yanayokuja baada ya chakula cha mafuta, yakakaa saa moja au mbili yakapita, yanafanana na ya mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kama dawa uliyoandikiwa ni ya kundi la fenofibreti, ambalo hutumika sana kushusha traigliseridi, basi haimfai mwenye ugonjwa wa kifuko cha nyongo. Kwa hiyo pengine swali la kwanza si "nianze au nisianze". Ni kurudi wiki hii, badala ya kungoja zile wiki sita, useme yote uliyoniandikia mimi. Mwambie kuhusu ubavu, unga, vidonge vya majira na uchovu. Omba altrasaundi ya tumbo. Itaangalia nyongo, na itaonyesha kama ini limejaa mafuta, jambo la kawaida kwa mwenye kipimo kama chako na ambalo mara nyingi hupungua uzito ukishuka.

Sasa tuingie jikoni kwa mama.

Unaandika kwamba amenyamaza kwa sababu umekataa nazi yake. Inawezekana. Lakini nisome na wewe mistari miwili uliyoiandika mbalimbali. Mwanzoni unasema baba mkwe alifariki kwa kiharusi. Mwishoni unasema ulimwambia mama, mbele ya wajukuu, kwamba nazi inaziba mishipa. Yule mzee alipikiwa na nani miaka yote ile, mwanangu? Hukumkusudia, najua. Lakini huenda yeye hakusikia habari za kipimo chako. Huenda alisikia kwamba mkono wake ndio uliomzika mumewe. Sina hakika, simjui. Nimeona tu kwamba mwanamke aliyeudhika hususa kupika, na huyu wa kwako bado anakupikia sufuria yako ya wali mweupe kila siku, anaiweka mezani, kisha anakwenda kula peke yake. Hilo kwangu linafanana zaidi na mtu anayejitenga asije akadhuru tena.

Kama nimekosea, utajua ukikaa naye. Kama nimepatia, maneno ya mumeo ya kula kidogokidogo hayatamponya, kwa sababu ataona unakula kwa kumwonea huruma. Kujipikia chungu chako kungekupa uhuru wa kupanga sahani, na wapo walioishi hivyo kwa amani. Hatari yake ni kwamba nyumba itakuwa na majiko mawili, na watoto watajifunza kwamba la bibi ni la sumu. Njia nyingine ni kumwambia ukweli ulivyo sasa, kwamba nilikosea mama, niliacha nazi na kipimo kikapanda, asali na juisi ndizo zilizonizidi, na pengine kuna ugonjwa mwingine. Hiyo nayo ina gharama. Atauliza maswali usiyo na majibu, na anaweza kulia, na wewe pia. Muda wa kusema utauona mwenyewe. Lakini lile la baba mkwe usilianze wewe kwa ghafla. Mwachie nafasi, akitaka atalitaja.

Na ukifika hapo, mwombe msaada, kwa maana anajua usiyoyajua. Wali wa sinia haulazimiki kuwa wa kasimile, tui la pili lipo na yeye ndiye aliyekufundisha kulitenga. Sufuria inaweza kuwa ya wote, sahani yako ikawa nusu mboga, mchicha, matembele, mchunga, kisamvu, na robo tu wali au ugali wa dona, na robo iliyobaki samaki au kunde na choroko. Vibua ni samaki wa bei ya mtu wa kawaida na wana yale mafuta ya omega-3 yanayosaidia kushusha traigliseridi. Mkivila mara mbili kwa wiki, vya kuchoma au vya kuchemsha na ndimu, si vya kuelea kwenye mafuta, mmefanya jambo. Maharage, kunde na mboga za majani zina nyuzinyuzi zitakazosaidia na lile la choo kigumu. Ziongeze taratibu na unywe maji, maana ukizivamia kwa wiki moja gesi itazidi ukasema nimekudanganya. Chai jaribu kuipunguza kijiko kimoja kila wiki, kwa iliki na tangawizi za mama. Na ukipunguza kilo chache, asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako, kipimo huweza kushuka kwa karibu moja ya tano. Kutembea dakika 30 kwa siku tano za wiki kunatosha kuanzia, na barabara ya kutoka shuleni unayo.

Ramadhani nayo inabeba hatari yake, na iko kwenye saa moja tu ya siku. Kaimati zilizoviringishwa kwenye shira, tambi za sukari, juisi mbili na mihogo ya nazi kwa mpigo mmoja ni mzigo mkubwa kwa ini lililoshinda na njaa. Tende moja na maji, uji usio na sukari nyingi, kisha samaki na mboga, halafu kimoja kati ya vile vitamu, si vyote. Mama akijua kwa nini, huenda yeye mwenyewe ndiye atakayekuchagulia. Kama utakuwa umeanza dawa yoyote, muulize daktari saa ya kuimeza kabla mwezi haujaandama, na kama funga inakufaa mwaka huu.

Nimebakiwa na lile la ubavu, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini kuliko kote. Maumivu ya saa moja yanayopita yanaweza kungoja miadi ya wiki hii. Lakini yakija maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni, na unatapika, au ukaona homa au macho kuwa ya manjano, usimeze kitu na usingoje mumeo afike kutoka Dar. Nenda hospitali usiku huohuo, na uwaambie kabla ya lolote kwamba traigliseridi zako zilikuwa 5.8. Namba hiyo mwandikie na mama kwenye karatasi, aiweke anapoweka vitu vyake, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa nyumbani.